Harufu ya Siki

Aspirini ikiharibika hunuka siki. Jambo hilo limo katika vitabu vyote vya kemia ya dawa, na mwanafunzi wa famasia anaweza kulikariri usiku wa kuamkia mtihani, wiki ya pili likawa limeshamtoka. Mimi nililipata kwa pua, maabarani Nairobi, na halijanitoka mpaka leo. Nimekuwa mfamasia upande wa bara wa Mombasa kwa miaka mingi sasa. Kazi yangu iko Changamwe, nyumbani ni Likoni nilikozaliwa. Kila tukipokea wanafunzi waliokuja kwa atachimenti, namtambua upesi yule aliyefanya majaribio kwa mkono wake na yule aliyesimama nyuma ya wenzake akinakili tarakimu. Cheti hakiwatenganishi hao wawili. Stoo ya dawa huwatenganisha, na dirisha la kutolea dawa pia.

Shahada ya famasia ilianza kufundishwa Kenya mwaka 1974, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Kabla ya hapo aliyeitaka aliifuata ng'ambo. Leo vyuo vinavyoitoa ni vingi, lakini mwendo ni uleule: miaka mitano ya mihadhara na maabara, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi hospitalini, ndipo mtu apite kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1957. Katika miaka hiyo mitano, asubuhi nyingi ni za mhadhara na alasiri nyingi ni za koti jeupe. Ukimwuliza mfamasia yeyote wa rika langu anachokumbuka chuoni, atakusimulia alasiri zake.

Kulikuwa na jambo ambalo sisi tuliotoka pwani hatukulitilia maanani wakati ule. Hewa ya Nairobi ni kavu na ya baridi. Poda ukiisaga inabaki poda. Fuwele ukiziacha juu ya karatasi ya kuchujia usiku kucha, asubuhi zimekauka zinang'aa. Chupa ya kemikali ikisahauliwa wazi kwa saa moja, mara nyingi hainyonyi maji ya kutosha kukuharibia kazi. Tulikuwa tunajifunza dawa katika hali ya hewa ambayo si ya wagonjwa tuliokuja kuwahudumia.

Jaribio la aspirini ni la zamani na ni rahisi, ndiyo maana karibu kila chuo hulifanya. Unapima gramu mbili za asidi ya salisiliki, unga mweupe mwepesi unaowasha pua ukiuinamia. Unautia katika chupa ya koni, unaongeza mililita chache za anhidridi ya asetiki, kisha matone machache ya asidi ya salfuriki. Unaiweka chupa katika maji moto kwa robo saa. Siki inajaa chumba kizima hadi macho yanalia. Baadaye unamimina maji baridi, unakuna ukuta wa chupa kwa kijiti cha kioo, na fuwele nyeupe zinaanza kushuka kama zilikuwa zinasubiri kuitwa. Unachuja, unaosha, unayeyusha tena na kuzirudisha ili zisafike, unakausha, unapima uzito. Halafu linakuja swali lenyewe: ulichokitengeneza ni aspirini tupu, au ndani yake imebaki asidi uliyoanza nayo?

Jibu hutolewa na tone la feriki kloridi. Asidi ya salisiliki ikikutana nalo hugeuka zambarau, na kiasi kidogo tu kinatosha. Aspirini safi haigeuki, kwa sababu sehemu ya molekuli inayoshikana na chuma kilichomo katika tone hilo imeshafunikwa. Kitabu cha mazoezi kilisema wazi kwamba aspirini iliyosafishwa vizuri haitoi rangi. Mwenzangu mmoja wa meza ya jirani alidondosha tone, neli yake ikawa na zambarau hafifu sana, ya kubishaniwa. Aliitazama, akatazama kitabu, akainua kalamu aandike kwamba hakuna mabadiliko. Fundi wa maabara, mama mmoja wa Kitaita ambaye alikuwa amewaona wanafunzi wengi kuliko maprofesa wetu, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umeona rangi gani, baba?"

"Kama zambarau, mama, lakini kidogo sana."

"Basi andika zambarau kidogo sana."

Hakumkaripia wala hakumweleza zaidi. Alikwenda zake kwenye meza nyingine. Yule mwenzangu aliandika, akarudia kusafisha fuwele zake, akadondosha tone la pili, na safari hii neli ikabaki njano ya feriki yenyewe. Daftari lake likawa na mistari miwili badala ya mmoja, na profesa alipolisahihisha alimpa alama za mistari yote miwili. Mimi niliyekuwa nikitazama nilielewa siku hiyo kwamba maabara haikuwa imewekwa ili kuthibitisha kitabu. Kitabu tunacho tayari. Maabara imewekwa ili mtu ajizoeze kuandika alichokiona hata kama kinamwudhi, kwa sababu atakapokuwa peke yake katika chumba cha dawa hakuna mama wa Kitaita atakayesimama nyuma yake.

Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani. Karibu na kivuko cha feri Likoni kulikuwa na duka la dawa ambalo mtaa mzima ulilitegemea. Mwenye duka alikuwa mzee mwenye adabu, aliyewahi kumkopesha mama yangu dawa bila kuandika popote. Kwenye rafu ya dirishani aliweka kopo kubwa jeupe la vidonge 1,000 vya aspirini, na kwa kuwa alilifungua mara kwa mara mchana kutwa, kifuniko kilikuwa kimekaa juu tu bila kukazwa. Alipolifungua kunihesabia vidonge, ilinijia harufu ileile ya alasiri ile.

"Mzee wangu, hii imeharibika."

"Mwanangu, tazama tarehe. Bado mwaka mzima."

Tarehe ilikuwa sahihi. Nilinunua vidonge vichache, nikavifunga ndani ya mfuko wa plastiki, nikarudi navyo Nairobi. Maabara ilipofunguliwa nilisaga kimoja, nikakitikisa ndani ya maji kidogo, nikadondosha feriki. Neli ikawa zambarau nzito kama wino. Njia ileile tuliyoipita maabarani kuiunda aspirini, unyevu wa bahari ulikuwa umeirudisha kinyumenyume: maji yameikata, asidi ya salisiliki imebaki ndani ya kidonge, siki imepotelea hewani.

Nimelifikiria sana kopo lile. Tarehe iliyochapishwa juu ya dawa ni ahadi yenye masharti. Kiwanda huweka dawa katika kabati lenye joto na unyevu unaojulikana, kisha huipima kwa miezi na miaka kuona itadumu mpaka lini. Kwa nchi za Ulaya kabati hilo huwekwa nyuzi 25 za sentigredi na unyevu wa asilimia 60. Kwa nchi za joto huwa nyuzi 30, na unyevu wa asilimia 65 au 75 kutegemea eneo. Tena dawa hupimwa ikiwa ndani ya chombo chake, kifuniko kimefungwa. Dirisha la duka Likoni mwezi wa tatu, jua la alasiri likipiga kwenye kioo na upepo wa chumvi ukiingia mlangoni, halimo katika masharti hayo. Mzee hakuwa na kosa la kusoma tarehe. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba tarehe ile ni ya kopo lililofungwa. Nilipomletea neli zangu mbili ndani ya kikasha, ya aspirini mpya na ya aspirini yake, alizitazama kwa muda mrefu, kisha akalitoa kopo dirishani mwenyewe. Nadhani maneno matupu yasingemtosha. Rangi ilimtosha.

Mambo mengine ya maabara yalichukua muda zaidi kuonyesha maana yake. Mojawapo ni kinu.

Bibi yangu wa Mtongwe alikuwa na kinu cha mti, na mchi wake ulisikika nyumba ya tatu. Tulipopewa vinu vidogo vya kauri katika maabara ya utengenezaji dawa, sisi watoto wa pwani tulianza kutwanga kwa raha, mpaka mwalimu akatusimamisha. Mchi wa maabarani hauinuliwi. Unazungushwa ukiwa umebanwa ukutani, taratibu, na poda inakwanguliwa kutoka kando kila mara. Halafu akatufundisha kuchanganya dawa kali na unga usio na dawa. Ukichukua miligramu 50 za dawa ukazimwaga zote ndani ya gramu tano za laktosi na kukoroga, utapata mchanganyiko unaoonekana sawa machoni lakini hauko sawa. Mtoto mmoja atapata pakiti iliyo tupu na mwingine atapata dozi ya watoto watatu. Kwa hiyo unaanza na miligramu 50 za dawa kwa miligramu 50 za laktosi, unasaga hadi zinashikana. Sasa una 100, unaongeza 100. Una 200, unaongeza 200. Unaendelea kuongeza mara mbili hadi laktosi iishe. Kazi hiyo inachosha mkono na inachosha roho, na alasiri ya Ijumaa hakuna aliyeipenda.

Katika hospitali za umma za upande wetu wa bara, watoto wenye maradhi ya moyo bado huandikiwa dawa ambazo zinakuja kwa vidonge vya watu wazima tu. Hakuna sharubati zake sokoni, au zipo ila bei yake hailipiki. Mfamasia anasaga kidonge, anakipunguza kwa laktosi kwa njia ileile ya kuongeza mara mbili, anapima na kufunga vipakiti vya karatasi, kimoja kimoja. Mama anasubiri kwenye benchi nje, mtoto amelala begani. Sijawahi kumwona mwanagenzi aliyefanya zoezi lile kwa mkono wake akifupisha njia hapo. Aliyelisoma tu hulifupisha, kwa sababu kwa macho yake unga ule umeshachanganyika.

Hapa ndipo linaponiuma jambo moja. Wanafunzi wameongezeka na vifaa havikuongezeka. Nimewapokea vijana waliotoka chuo ambacho mashine ya kupima kuyeyuka kwa vidonge ilikuwa moja. Ina vyombo sita, kila kimoja kinawekewa kidonge katika maji ya nyuzi 37, joto la mwili, na kasia linazunguka taratibu kuiga tumbo. Kundi zima lilizunguka mashine hiyo. Mmoja alidondosha vidonge, mwingine alivuta sampuli kwa sirinji, waliobaki walipiga picha kwa simu. Jioni tarakimu zilisambazwa kwa ujumbe, kila mtu akachora grafu yake nyumbani. Wote walipata grafu nzuri. Nilipomwuliza mmoja wao kwa nini sampuli huchujwa mara tu inapovutwa, alinyamaza, na sikumlaumu. Jibu ni kwamba chembe za kidonge zilizomo kwenye sirinji huendelea kuyeyuka wakati wewe unatafuta kalamu, na tarakimu yako inapanda bila haki. Aliyevuta sampuli mwenyewe, akaona vumbi jeupe likielea ndani ya sirinji, hahitaji kukumbushwa.

Wanafunzi wana neno lao la kutunga tarakimu: kupika matokeo. Mwalimu akiwapa kundi kubwa kifaa kimoja na saa mbili, kisha akadai ripoti yenye jibu linalolingana na kitabu, amewawashia jiko yeye mwenyewe. Hao ndio tutakaowakabidhi kesho funguo za stoo ya dawa. Mtu aliyezoea kwa miaka mitano kwamba tarakimu inayotakiwa ni ile inayopendeza, siku friji ya chanjo itakapopanda joto usiku, ataandika nini kwenye karatasi ya asubuhi?

Kama ni kuchagua, afadhali majaribio machache yaliyofanywa na kila mwanafunzi peke yake kuliko majaribio mengi yaliyotazamwa. Najua wakuu wa vitivo wana orodha ya kutimiza na wakaguzi wa kuwaridhisha. Bado nasimama hapo. Jaribio la kwinini pekee, likifanywa na kila mtu kwa mkono wake, lina masomo ya muhula mzima. Unachukua gome la sinkona, mti ambao Wajerumani waliupanda Amani katika milima ya Usambara zaidi ya karne moja iliyopita na ambao umelimwa mashariki ya Kongo kwa ajili ya kiwanda cha kwinini cha Bukavu. Unalisaga, unalichemsha, unalitoa kwinini kwa asidi na kwa alkali. Mwisho unaingia chumba cha giza na neli yako, unaiweka chini ya taa ya urujuanimno, na maji yasiyo na rangi yanawaka buluu. Nilimwona msichana wa Kisauni akiweka mkono mdomoni. Bibi yake alikuwa amemnywesha majani ya mkilifi kwa homa utotoni, na hospitali ilimpa kwinini, na yeye mpaka siku ile alidhani hivyo vilikuwa vitu vya dunia mbili tofauti. Alikuja kuandika mradi wake wa mwisho juu ya majani ya mkilifi, akiyakata na kuyatazama kwa darubini, seli kwa seli.

Mwezi wa tatu mwaka 2020 korona ilipoingia nchini, kitakasa mikono kiliadimika Mombasa katika siku chache. Kilichobaki bei yake ilipanda mara kadhaa. Hospitali niliyokuwamo ikaamua tutengeneze wenyewe. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ipo wazi kwa kila mtu: kwa lita 10, unachukua mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini, kisha unajaza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Peroksaidi haiko pale kuua vijidudu vya mikononi. Iko pale kuua mbegu za bakteria zilizokuja na maji au na vyombo, na ndiyo sababu ndoo hufungwa na kuwekwa kando kwa saa 72 kabla ya kutumika. Gliserini ni ya kulinda ngozi.

Tulikuwa na mwanagenzi mmoja, msichana mpole asiyependa kusema mbele ya watu. Ndoo ya kwanza ilipojazwa, mwenzangu alitumbukiza mita ya kupimia pombe, ikaelea, ikasoma 77. Shabaha ni 80, na inaruhusiwa kuanzia 75 hadi 85. Watu walikuwa wamechoka, wodi zilikuwa zinapiga simu, kila mtu akavuta pumzi. Msichana akachukua kipimajoto akakitia ndooni na kusubiri.

"Daktari, hii ni nyuzi 31."

"Ndiyo, Mombasa hii."

"Mita imeandikwa nyuzi 20."

Alikuwa amesoma maandishi madogo kwenye shingo ya mita. Kioevu kikipata joto hutanuka na kuwa chepesi, mita huzama zaidi, na husoma pombe nyingi kuliko iliyopo. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 unapunguza kama theluthi ya asilimia. Tulipofanya hesabu, 77 yetu ikashuka hadi 73 hivi, nje ya mpaka. Ethanoli tuliyouziwa haikuwa na nguvu iliyoandikwa kwenye pipa. Tuliongeza ethanoli, tukapoza sampuli kwenye friji hadi nyuzi 20, tukapima upya, ndipo tukafunga ndoo. Nilimwuliza baadaye alijifunzia wapi. Akasema mwaka wa kwanza walipimishwa uzito wa vimiminika kwa kichupa maalumu, na mwalimu alikuwa hapokei tarakimu yoyote isiyoandikiwa joto kando yake. Alirudishiwa daftari lake mara nyingi kwa ajili hiyo. Wakati ule alimwona mwalimu ni mkorofi.

Mwalimu yule wa mwaka wa kwanza, ambaye simjui, aliwalinda wauguzi wa Changamwe, pengine bila kuwahi kufika huko.

Gliserini tuliyoitia katika ndoo zile ilinirudia akilini mwaka 2022, habari za Gambia zilipotoka. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwezi wa kumi mwaka huo: watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kazi, na sharubati za kikohozi na mafua walizokunywa zilikutwa na daietilini glaikoli na ethilini glaikoli. Si msiba mpya duniani. Marekani mwaka 1937 dawa moja ya maji iliyotengenezwa kwa daietilini glaikoli iliua zaidi ya watu 100, na sheria yao ya dawa ya mwaka 1938 ilizaliwa na vifo hivyo. Kinachotisha ni kwamba kemikali hii na gliserini ni kama pacha. Zote mbili ni maji mazito, angavu, yasiyo na harufu ya kukushtua, na zote mbili ni tamu. Moja hutiwa kwenye sharubati ya mtoto, nyingine ni ya viwandani na bei yake ni rahisi zaidi. Kiwango kinachovumiliwa ndani ya gliserini ya dawa ni asilimia 0.10 tu.

Kopo la Likoni lilijitangaza kwa harufu. Gliserini chafu haijitangazi. Nimewafundisha wanafunzi kuamini pua na macho yao, na lazima niwafundishe kwa bidii ileile mahali pua na macho vinapokoma. Hapo ndipo inapoanza kazi ya kromatografia: bamba dogo lililopakwa silika, tone la sampuli upande mmoja, tone la kielelezo halisi upande wa pili, bamba linasimamishwa katika kioevu kidogo kinachopanda taratibu kikibeba kila kitu kwa mwendo wake. Likikauka hunyunyiziwa kemikali ya kuonyesha madoa. Kama katika gliserini yako kuna doa lisilolingana na kielelezo cha gliserini, unasimama hapo.

Wanafunzi waliokuja kwetu wakitokea Nairobi walijaribu njia hiyo kwa parasetamoli, zoezi la kupasha mikono. Doa likapanda juu kuliko kipimo kilichoandikwa kitabuni. Wakadhani dawa ni bandia, na mmoja alikuwa tayari kuandika hivyo. Nikawaambia watazame doa la kielelezo kwenye bamba lilelile. Nalo lilikuwa limepanda vilevile. Silika yetu ilikuwa imekunywa unyevu wa bahari, nguvu yake ya kushika ikapungua, kila kitu kikapita haraka. Dawa ilikuwa nzima. Tukayakausha mabamba ovenini kwa nyuzi 110 kwa nusu saa, tukayapoza ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa, doa likarudi karibu na mahali pake. Walijifunza mambo mawili kwa mchana mmoja: kwamba sampuli hupimwa dhidi ya kielelezo kilichopita njia moja nayo, na kwamba kipimo kilichoandikwa katika nchi kavu hakiwezi kuhukumu dawa ya Mombasa bila kuhojiwa. Kitabu hakikukosea, wala mikono yao. Hewa ndiyo iliyokuwa tofauti, na mtaala wao haukuwa umewaambia kwamba hewa ni sehemu ya jaribio.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga mafunzo haya ni la wazi. Mwanafunzi wa famasia afanye sehemu ya maabara yake huku, upande wa bara wa Mombasa, mahali ambapo dawa zitakaa kwenye rafu za Likoni, Mlaleo na Magongo. Shehena za dawa zinashukia Kilindini, zinapita Changamwe kwa lori na kwa reli, na nyingine zinabaki hapahapa katika joto hili. Kaunti ina hospitali za kaunti ndogo Port Reitz na Likoni, chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kina kampasi Port Reitz, na kisiwani, Tudor, kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chumba kimoja kinachofungwa vizuri, chenye mizani ya kuaminika, oveni, taa ya urujuanimno, mabamba, kipimajoto na kipimaunyevu ukutani, kinatosha kuanzia. Mashine za mamilioni zibaki Nairobi, sampuli zenye shaka zipelekwe huko.

Sisi tumeanza na kona ya stoo. Kila mwanafunzi anayekuja anapewa bamba lake mwenyewe na anafanya kazi mwanzo hadi mwisho peke yake. Juu ya kila ukurasa wa daftari anaandika joto na unyevu wa saa hiyo kabla ya kuandika kitu kingine. Hakuna kupiga picha daftari la mwenzake. Doa lisilotarajiwa linachorwa kama lilivyo, jaribio linarudiwa, na kurasa zote mbili zinatiwa sahihi. Kundi lijalo litaleta pia vidonge vilivyohesabiwa kutoka makopo yaliyokwisha kufunguliwa, kwa ridhaa ya wenye maduka wa Kisauni waliokubali kushirikiana nasi, na litavipima pamoja na vilivyotoka makopo mapya ya dawa ileile. Majibu watayapeleka dukani wenyewe, kwa mguu, wakiwa na neli zao mkononi. Tunachokosa kwa sasa ni vielelezo halisi vya kutosha. Nimeshavitafuta mara kadhaa na bado naendelea kuviomba.